Sungura Chini ya Droo

Kabati lilishushwa Keko saa nne asubuhi,
miguu juu kama mbuzi wa kuchinjwa,
Bwana Fidahusein nyuma yake, leso puani:
"Polepole! Hiyo ni ya kale, ya wafalme."
Mimi ni mpiga msasa. Wafalme siwajui.
Najua vumbi.

Nikachomoa droo moja, nikaigeuza.
Chini, kwa wino mweusi ulionywewa na ubao,
herufi mbili zimesimama kama watu wawili
wanaongoja dirisha la benki lifunguliwe.
Nikazipiga picha, nikazipeleka Kariakoo
kwa Shulani, auzaye zipu na vifungo Mtaa wa Kongo.
Akakunja uso, akahesabu kwa vidole, akacheka.
"Mwaka wa mti," akasema. "Mti na sungura."

Sungura! Nani asiyemjua?
Ukimkamata mguu anakwambia umeshika mzizi,
nawe unaachia.
Na huyu wa Shulani ana mashimo,
kila baada ya miaka sitini anachomoza,
jina lilelile, masikio yaleyale:
elfu moja mia nane hamsini na tano, Mzizima ingali vichaka;
kumi na tano, Mdachi akihesabu risasi zake;
sabini na tano.
"Yupi kati ya hao?"
Shulani alikuwa keshageuka kumpimia mteja utepe.
"Maandishi hayasemi. Uliza ubao."

Bwana Fidahusein alishachagua shimo lake,
la kwanza. Mnunuzi yuko Masaki, analipa kwa dola,
anataka karne, hataki kabati.

Nikauliza ubao.
Msasa mara moja tu, pembeni, pasipoonekana:
vumbi likatoka la kahawia lenye wekundu,
likanikaa kooni, nikapiga chafya tatu.
Mninga.
Miaka kumi na mmoja naupigia chafya,
siukosei hata gizani.

Na kwenye kona ya droo, alama nyingine, ndogo.
Shulani alisema ni "kushoto", alama ya fundi ya kuungia.
Kando yake, kwa penseli iliyokandamizwa kama msumari:
SHOTO.

Basi nikawaona, karakana ya reli, joto, bati juu,
Mchina kashika ncha hii ya ubao, wa kwetu ncha ile,
hawana neno la pamoja isipokuwa randa,
kila mmoja anaandika upande wake
mwenzake asije akakosea.

Bwana Fidahusein akainama, miwani pajini. Akasoma.
Akanyamaza muda wa kumaliza soda.
"Mwasiti, hilo neno liondoe. Ya Kichina yaache."
Akaweka elfu ishirini, akaigandamiza na kopo la vanishi.

Elfu ishirini ni umeme, ni unga, ni sare ya shule upande mmoja.
Fundi Ngwatu alinitazama toka kwenye msumeno,
akaurudisha uso wake kwenye kazi.

Msasa niliokuwa nao ni namba mia na ishirini.
Nilihesabu baadaye, usiku, sina usingizi:
toka shimo la tatu hadi la kwanza
ni mia na ishirini vilevile.
Nikasugua. Mkono ukienda, mwaka. Ukirudi, mwaka.
S ikatoka, H ikatoka,
O ya mwisho ilikuwa mbishi, mtu yule
alikuwa ameizungusha mara mbili.
Nikapuliza. Ubao mweupe wa macho, hauna kauli.

Kisha nikapitisha kitambaa cha maji, kama kawaida,
nyuzi zisimame kabla ya vanishi.
Na mti uliokandamizwa, ukinyweshwa, hujaa.
Nilikuwa nimesahau. Au sikutaka kukumbuka.
Ikaanza kuinuka, bila rangi, herufi kwa herufi,
nikaisikia kwa kidole kabla jicho halijaiona.

Nje gari la mizigo linapiga honi.
"Imekauka?" anauliza Bwana Fidahusein mlangoni.
"Bado," namwambia, kiganja changu juu yake.
"Bado inapanda."